Zamu Iliyoruka Nyumba ya Klementi

Kila Jumamosi asubuhi Klementi alitaka kunyolewa. Kusema hakuweza, kiharusi kilimchukulia upande wote wa kulia pamoja na nusu ya mdomo. Alipapasa kidevu kwa mkono wa kushoto, mkono uliomsalia, akamkazia mkewe macho, akapapasa tena, mpaka Scholastica atue ndoo na kwenda kumwita Bakari.

Bakari alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, muuza ng'onda, samaki wa kukaushwa, hapo Kilwa Kivinje, mtu wa mikono mizito na maneno mengi. Alikuja na wembe na kipande cha sabuni, akamnyoa mzee taratibu huku akimsimulia nani kagombana na nani sokoni. Akimaliza, alimfuta kwa taulo, akamvalisha shati jeupe la kanisani na kufunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Kisha yeye na Scholastica walimwinua, wakamwegemeza kwenye mito, uso ukielekea mlangoni.

Hapo Klementi alitoa neno lake. Maneno mengine karibu yote yalikuwa yamemponyoka, lakini hili lilibaki.

"Wame'ja?"

"Mvua, mzee wangu," Scholastica alijibu. "Njia yote matope."

Jumamosi nyingine alimwambia kuna msiba upande wa pili wa mji. Nyingine, kwamba mwenyekiti anaumwa. Nyingine tena, kwamba watu wote wamekwenda Masoko kumpokea askofu, na askofu mwenyewe hana habari.

Scholastica hakulelewa kusema uongo. Kwao, bara ya Lindi upande wa Nyangao, mama yake alimtandika fimbo kwa uongo wa kipande cha muhogo, na fimbo ile hajaisahau mpaka leo. Sasa uzeeni, kichwa kizima mvi, anasema uongo kila juma, tena uongo usio wake. Anawasemea watu wazima wenye miguu yao na midomo yao. Alikuwa akitoka mle chumbani anakwenda jikoni kupasua kuni zisizohitaji kupasuliwa.

Maana Jumamosi ni siku ya jumuiya. Wakatoliki wa Kivinje si wengi, na waliokaa upande ule wa mji walikuwa wa Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu. Walisali Jumamosi asubuhi kwa zamu, leo nyumba hii, juma lijalo nyumba inayofuata, mpaka mzunguko uishe uanze upya. Nyumba yenye zamu hufagia uwanja, hutandika mikeka, huchemsha chochote kilichopo. Na kama ndani kuna mgonjwa, ndiyo baraka zaidi, kwa sababu anasali na wenzake bila kunyanyuka kitandani. Tena kuna jambo ambalo kila Mkatoliki wa siku hizi analijua hata kama halisemi: asiyejulikana na jumuiya yake, siku akifa, padri atauliza, "Huyu ni wa wapi?" na mtu akikosa kujibu, mazishi yanakuwa ya kubahatisha.

Klementi hajulikani! Scholastica akiliwaza hilo alicheka peke yake, kicheko kibaya.

Klementi alifika Kivinje kijana wa Kimwera aliyefundishwa useremala misheni, akaitwa kutengeneza milango ya shule. Akaona magogo ya mninga yakishushwa kutoka Likawage, akaipitisha randa juu ya ubao mmoja, akasema hapa haondoki. Akarudi kwao mara moja tu, kumchukua Scholastica. Wakati ule Wakristo walisalia darasani, magoti yamebanwa na madawati ya watoto. Kanisa lilipoezekwa halikuwa na hata kigoda. Klementi alifanya kazi za watu mchana, jioni akafanya mabenchi ya kanisa, na hakudai kitu. Alitia viungo vya ulimi, bila msumari, akisema msumari huota kutu kwa chumvi ya pwani na siku moja utamchoma mtu anayesali. Altare ni mikono yake. Majeneza pia. Mkristo akifa Kivinje, kitanda chake cha mwisho ni kazi ya Klementi.

Watoto hawakujaliwa. Scholastica aligombana na Mungu kwa jambo hilo ujana wake wote, akachoka, wakapatana. Klementi yeye hakugombana. "Wanajumuiya ndio wanao," alikuwa akimwambia. "Siku nikianguka utawaona."

Akaanguka. Scholastica akawaona.

Juma la kwanza walikuja wote, wakajaza uwanja, wakaimba, wakaacha sukari na sabuni. Wakaja tena, wachache. Kisha akaja Theresia peke yake, mwenyekiti, mwanamke wa makamo mwenye duka la vitenge, hodari wa kupanga mambo na kuongea mbele za watu. Akasimama mlangoni, akatazama kitanda, akatazama meza ndogo ya kando ya kitanda, akasema ana haraka. Chai haikunywewa. Tangu siku hiyo, hakuja tena mtu.

Waliokuja ni Bakari na mkewe, Mwanahija. Klementi alikuwa pande la mtu, na mtu wa namna hiyo asipogeuzwa mgongo unaoza. Basi alfajiri Bakari akitoka msikitini alipitia hapo kwanza, akamgeuza. Alasiri akamgeuza tena. Mwanahija alifua mashuka pamoja na Scholastica, na siku Scholastica alipolala hoi kwa homa, alimlisha Klementi uji kijiko kwa kijiko, akimtania, "Fumbua mdomo, bwana harusi." Hawakuitwa na mtu. Hawakupangiwa zamu.

Zamu ya nyumba ya Klementi ikafika hata hivyo. Scholastica aliihesabu mwenyewe, maana mzunguko anaujua: nyumba ya mwalimu, nyumba ya wale mapacha wajane, kisha yeye. Hakukumbushwa na mtu, akaona si kitu, zamu ni zamu. Alifagia uwanja mpaka ukabaki na michirizi ya ufagio. Mwanahija akamwazima mikeka na vikombe. Mihogo ikapikwa kwa nazi, chai ikatiwa tangawizi. Klementi akanyolewa, akavishwa, akaegemezwa.

Jua likapanda. Wakasikia wimbo.

Haukuwa mbali. Ulitoka nyumba ya pili yake, ng'ambo ya kichochoro, kwa Theresia mwenyewe. Zamu ilikuwa imeiruka nyumba yao kama mtu anavyoruka dimbwi. Klementi alizijua sauti zile moja moja. Kwa miaka alikuwa akiimba nazo sauti ya nne. Akasikiliza mpaka ubeti wa mwisho. Kisha akamtazama mkewe. Neno lake hakulisema.

Na Scholastica angesema nini? Mvua? Nje jua lilikuwa linawaka.

Akamfungua kifungo cha shingoni, kimoja tu, apate hewa. Mihogo wakala wajukuu wa Mwanahija.

*

Mwezi uliofuata ikatangazwa semina kanisani, Ijumaa na Jumamosi. Angekuja Padri Mikaeli, kijana aliyetoka kusoma Maandiko ng'ambo. Scholastica hakuwa na hamu ya semina. Lakini Klementi alisikia tangazo kwa Mwanahija, akapapasa kidevu, ingawa siku hiyo ilikuwa Alhamisi, si siku yake ya kunyolewa.

"Unataka niende?" mkewe alimwuliza.

Akafumba macho akayafumbua. Ndiyo yake.

Basi Ijumaa alimwacha na Mwanahija, akajifunga khanga, akaenda. Akakaa nyuma. Mkono wake ukateleza chini ya benchi ukakuta pale patasi ilipokwaruza miaka hiyo, siku Klementi alipofanya kazi na malaria. Palikuwa bado panakwaruza.

Padri Mikaeli alikuwa mwembamba, mchangamfu, na alipenda kufundisha kama wengine wanavyopenda kucheza ngoma. Akaandika ubaoni neno la Kiebrania, akianzia kulia kwenda kushoto.

"Kama Kiarabu!" mtu akasema.

"Ni ndugu," Padri akacheka. "Neno hili linasomwa pakad. Ni kitenzi. Leo na kesho hatutasoma kingine, ni hiki tu. Mtaona kimejificha kila mahali kwenye Biblia zenu, kimevaa nguo mbalimbali."

Akawapeleka kwa Sara, mwanamke tasa wa miaka mingi. "'Bwana akamjilia Sara.' Akamjilia: ndiyo hiyo pakad. Hakumkumbuka tu kwa mbali, akapunga mkono. Alikuja, na alipokuja jambo likatendeka." Akawapeleka Moabu, kwa Naomi aliyesikia kwamba Bwana amewajilia watu wake na kuwapa chakula. "Ni lile lile. Njaa iliondoka kwa sababu aliyekuja alikuja na mkate." Akawapeleka jangwani, Waisraeli wakihesabiwa kabila kwa kabila. "Kuhesabu nako ni pakad. Unapita mbele ya kila mtu, unamwona, huyu yupo, huyu yupo." Akawapeleka Misri, Potifa akimweka Yusufu juu ya nyumba yake yote. "Kumweka mtu awe msimamizi, pakad. Kwa hiyo nyinyi wenyeviti, mmewekwa kwa neno lile lile la kwenda kuwaona watu."

Theresia, benchi la mbele, alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Amina, Padri."

"Daudi alipojificha asiende kula mezani kwa mfalme, Yonathani alimwambia: utakosekana, kwa sababu kiti chako kitakuwa tupu. Kukosekana, kiti kuwa tupu, yote mawili ni pakad. Yaani macho yanapita mezani, yanafika kwenye kiti chako, yanasimama."

Scholastica aliyatazama mabenchi. Mwisho wa benchi la pili upande wa dirisha, pale Klementi alipokaa miaka yote, alikuwa amekaa mtu mwingine, amenyoosha miguu. Hapakuwa na jicho lililosimama hapo.

"Na la mwisho kwa leo," Padri akasema, sauti ikashuka. "'Nawapatiliza wana maovu ya baba zao.' Kupatiliza. Kumwendea mtu kwa kosa lake, kumdai jibu. Mtashangaa, lakini nalo ni hilo hilo."

"Padri, sasa huyo anayekuja tutajuaje kaja kwa lipi?" mwalimu mmoja akauliza. "Kuleta mkate au kuleta fimbo?"

Watu wakacheka. Padri naye akacheka, akasema hilo ni swali la kesho.

Walipokuwa wakitoka, Theresia alimkuta Scholastica mlangoni, akamshika bega.

"Shikamoo, Mama Skola. Kumbe leo umetukumbuka!"

Scholastica aliuondoa mkono ule begani. "Marahaba. Nani kamsahau nani, Theresia?"

"Aa, mama, usianze. Sisi tulijua umeshahamia upande wa pili."

"Upande upi?"

"Unaujua mwenyewe." Na akaenda zake, mkoba kwapani, akisalimia wengine.

Scholastica alitembea mpaka nyumbani hajibu salamu za watu. Alimkuta Mwanahija uani anaanua mashuka, akamwaga yote: neno la Padri, maana zake, na hili la upande wa pili, alilolisema kwa mdomo wa Theresia kabisa, kwa kubana pua.

Mwanahija aliacha shuka likining'inia nusu. "Mwenzangu," akasema polepole, "siku ile aliyokuja akasimama mlangoni. Si ndiyo siku niliyoleta kombe?"

Ndiyo. Mjomba wa Mwanahija ni mwalimu wa chuo cha Kurani kule Sudi. Aliposikia habari za Klementi, aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akampa mpwa wake alete. Wino unaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa anayanywa. Watu wa pwani wanawafanyia wagonjwa wao hivyo tangu na tangu. Scholastica aliipokea sahani kwa mikono miwili. Alimfanyia mumewe ishara ya msalaba kwenye paji la uso kwanza, kisha akamnywesha, na Klementi akalamba midomo kwa sababu maji yalinukia vizuri. Sahani ikabaki mezani, ina rangi ya njano. Theresia akaiona.

Kwa sahani moja, watu waliokaa na fundi wao miaka yote hiyo waliamua kwamba amesilimu. Hawakuuliza. Kuuliza kungewalazimu kuja.

"Ni mimi niliyewaharibia," Mwanahija akasema, macho yamemlowa. "Niende kwa Theresia nikamwombe radhi, nimweleze?"

"Radhi!" Scholastica alipiga ndoo teke, ikavingirika mpaka ukutani. "Radhi kwa kosa gani? Kwa kosa la kuja? Kaa hapo hapo, Mwanahija. Ukitia mguu kwa Theresia, mimi na wewe hatusemezani."

Mwanahija akajifuta kwa ncha ya mtandio. Akaanza kukunja shuka.

"Hilo neno la padri wenu," akasema, "sisi tunalo kwenye kisa cha Nabii Suleiman. Amepewa ufalme juu ya majini, na upepo, na ndege. Siku moja akawakagua ndege, jeshi zima hilo, akasema, mbona simwoni Hud-hud? Kidege kidogo, mwenzangu, chenye kishungi. Na akakasirika kwa kutokumwona, akaapa atamwadhibu asipokuja na sababu. Marehemu baba alikuwa akitusomesha anasema, mnaona mfalme huyo? Ndege mmoja hayupo, na mfalme ameshajua."

Scholastica alisimama na shuka mkononi. "Na hawa wanatosha kwenye mkeka mmoja," akasema. "Hawakuona fundi hayupo."

*

Jumamosi ikafika. Klementi akapapasa kidevu. Bakari akaja na wembe. Shati likavaliwa, mito ikapangwa.

"Wame'ja?"

Scholastica alimrekebishia kola. Alifikiria mvua, akafikiria askofu. "Hawajaja, mzee," akasema. "Wameacha kuja siku nyingi. Leo nakwenda kuwauliza."

Jicho la kushoto la Klementi lilimtazama sana. Kisha akafumba, akafumbua.

Alipofika kanisani, baada ya kazi za nyumbani, alikuta kipindi cha mchana kimeshaanza, na mara hii hakukaa nyuma, wala hakukaa. Alipita katikati mpaka mbele, akasimama kando ya benchi la kwanza. Padri Mikaeli aligeuka, chaki mkononi.

"Karibu, bibi. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Baba Padri, nina swali la jana. Lile neno lako."

"Uliza, bibi yangu."

"Mtu akiwa amelala kitandani tangu masika yaliyopita, na kila Jumamosi anavaa shati anawangoja, na zamu ikifika nyumbani kwake inarukwa, hapo wameweka pakad ipi? Ya mkate au ya fimbo?"

Mmoja wa wajane mapacha akaanza kutafuta kitu kwenye pochi.

"Mama Skola," Theresia akasema bila kuinuka, kwa sauti ya kubembeleza, "hapa ni semina. Mambo ya watu waliobadili dini yana utaratibu wake. Padri, nitakueleza baadaye."

"Nani kabadili dini?"

"Mama, mimi niliona kwa macho yangu. Sahani ya zafarani kando ya mgonjwa. Na wanaomhudumia wote ni wa upande ule. Sasa tukasalie wapi, msikitini?"

Mtu mmoja akacheka. Akaacha haraka.

"Uliona sahani," Scholastica akasema. "Mume wangu hukumwona? Yuko nyuma ya sahani hapo, pande la mtu! Sahani umeiona, mtu hukumwona? Ndiyo, nilimnywesha. Jirani yangu alileta alichonacho. Ungeleta wewe maji ya baraka ningemnywesha hayo pia, ningemwogesha nayo. Ulileta nini? Ulileta macho. Bakari anamgeuza mume wangu alfajiri na alasiri. Ungemgeuza wewe, ungemkuta shingoni ana rozari ile ile aliyovaa siku alipotengeneza jeneza la mama yako, anatetemeka homa, kwa sababu uliingia karakana unalia, ukasema mama asizikwe kwenye mkeka!"

Theresia akauvuta mkoba kifuani.

"Bibi," Padri akasema kwa upole, akishuka hatua moja. "Nimekusikia. Hili ni jambo zito. Tumalize kipindi, halafu mimi na wewe na mwenyekiti tukae ofisini tulizungumze."

"Halafu," Scholastica akasema. "Mwenyekiti anasema baadaye, wewe unaniambia halafu. Mume wangu wamemweka kwenye halafu mpaka mgongo umechubuka. Sikuja kuzungumza ofisini, Padri. Unafundisha vizuri, Mungu akubariki, sijapata kusikia mtu anafundisha vizuri hivyo. Lakini kama Klementi hayumo humu, kazi yake inafanya nini humu?"

Akaligeukia benchi la mbele.

"Inukeni."

Hawakuelewa.

"Inukeni, nawaambia! Hii ni mikono yake. Inukeni niichukue."

Wakainuka. Theresia aliinuka wa mwisho, ameshika mkoba kifuani. Scholastica akainama, akashika mwisho wa benchi, akavuta. Mninga ni mzito, na yeye ni bibi. Benchi likakwaruza sakafu kwa mlio uliowafanya watu wafumbe macho. Akavuta tena. Khanga ya begani ikaanguka, hakuiokota. Akavuta mpaka katikati ya kanisa, akasimama kuhema, akavuta tena, na watu wote wale, wanaume wazima, wakasimama na mikono yao wakitazama.

Kisha benchi likawa jepesi. Scholastica akageuka. Padri Mikaeli alikuwa ameshika upande wa pili, chaki bado ameibana vidoleni.

"Nyumba iko wapi?" akauliza.

Alitangulia, yeye mbele na padri nyuma, benchi katikati yao kama jeneza, wakatoka juani. Watu wa Kivinje wakatoka milangoni kutazama. Nyuma yao ikasikika miguu ya mtu mmoja mmoja: mwalimu, wale wajane, kisha wengine. Theresia alikuja mwisho kabisa, ameibeba ile khanga iliyoanguka.

Uani Mwanahija aliruka kutoka kwenye kinu. "Yarabi! Mwenzangu, umeiba benchi ya kanisa?"

"Sijaiba. Nimeirudisha."

Waliliingiza mpaka chumbani, wakaliweka kando ya kitanda. Chumba kikajaa, na wasiopata nafasi wakasimama dirishani. Klementi aliwatazama, uso kwa uso, taratibu, bila kumruka mtu. Mkono wa kushoto ukanyooka ukagusa ubao, ukatambaa mpaka kwenye kiungo, ukakitikisa kidogo kuona kama kimelegea. Hakikulegea. Akamtazama mkewe.

"Wame'ja?"

Padri alikuwa anajifuta jasho. Wajane wote wawili walikuwa wanalia. Ungekuwa wakati mzuri wa Scholastica kulia naye, na labda walimngojea alie ili mambo yawe mepesi kwao. Hakulia.

"Hawajaja, mzee," akasema. "Wameletwa."

Kutoka kwenye nusu ile ya mdomo ikatoka sauti, na Bakari, aliyekuwa amefika mlangoni kwa zamu yake ya alasiri, aliifahamu kabla ya wote: mzee alikuwa anacheka.

Padri Mikaeli akapiga magoti penye sakafu ya saruji, akaomba aletewe mafuta ya wagonjwa kutoka kanisani, na mwalimu akatoka mbio. Theresia alikuwa amesimama pale pale aliposimama siku ile ya sahani, mlangoni, khanga ya mwenzake mikononi. Akajaribu kuanza.

"Mama Skola, kwa niaba ya jumuiya, mimi kama mwenyekiti napenda..."

"Usinihutubie," Scholastica akasema. "Ingia. Zaidi. Njoo huku kichwani kwake. Weka mkoba chini, na hiyo gauni nzuri ikunje, itachafuka. Bakari, shemeji yangu, kaa kwenye benchi upumzike leo."

"Nishike wapi?" Theresia akauliza, na sauti yake haikuwa tena ya mikutano.

"Mabega. Mkono mmoja chini ya shingo. Si hivyo, utamvunja. Hivyo. Sasa uzito wake umeusikia?"

"Nimeusikia, mama."

"Basi usimwachie. Jumamosi ijayo zamu ni hapa, na ya baada yake ni hapa, mpaka Jumamosi zote mlizoruka ziishe. Haya, geuza."